Sifa za Bwana Mkwaju

Washairi wamekwisha kuwasifu masultani na majahazi; leo tumsifu Bwana Mkwaju, kijistari kile kilicholala upande mwishoni mwa anwani ya tovuti, ambacho msomaji hakioni na mtunga programu hukiona baada ya kutoka jasho.

Tuanze na nasaba. Kwenye seva za zamani, anwani yenye mkwaju mwishoni kwa kawaida ilikuwa folda, isiyo nao ilikuwa faili. Ndani ya Django, mfumo wa kujengea tovuti, hakuna tena folda za aina hiyo. Anwani ni ruwaza tu iliyoandikwa kwenye urls.py. Lakini Bwana Mkwaju amebaki, mithili ya mzee anayekaa kiti cha mbele harusini ilhali hakuna anayejua ni ndugu wa bwana au wa bibi harusi.

Heshima yake si ndogo. Django, iliyozaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, imemwekea mtumishi aitwaye APPEND_SLASH. Mgeni akibisha /makala na ruwaza hiyo haipo, mtumishi huangalia kama /makala/ ipo, kisha humpeleka huko kwa jibu la 301. Mgeni hajui hata kwamba alipotea.

Ila mtaka kuujua ukuu wake ampe fomu. Mwananchi amejaza jina, simu na malalamiko ya aya tano, akabonyeza Tuma, na fomu inatumwa /malalamiko, bila mkwaju. Seva inajibu 301. Kivinjari kinatii, kinakwenda kwenye anwani mpya, ila kinakwenda kwa GET, mikono mitupu. Aya zote tano zimeachwa njiani. Ukurasa unafunguka vizuri, fomu tupu, hakuna hata neno moja jekundu. Ofisi gani imewahi kupokea malalamiko kwa adabu namna hii? (DEBUG ikiwa imewashwa, Django hukemea kwa sauti. Ikizimwa, kama ipasavyo kwenye seva ya kweli, hunyamaza.)

Na ana kumbukumbu! Jibu la 301 maana yake ni kuhama moja kwa moja. Ukimchoka ukamfuta kwenye ruwaza zako zote, kivinjari chako hakiiulizi seva. Kinakumbuka agizo la zamani na kukupeleka /makala/, ambako sasa pana 404. Mwenzako wa meza ya pili anafungua anwani ileile na kusoma makala bila shida, kisha anakutazama kwa huruma.

Tena hubeba lawama za wengine. Ukiandika makala/<slug:jina>/ juu ya makala/mpya/, Django, inayosoma kutoka juu na kusimama kwenye ruwaza ya kwanza inayolingana, itatafuta makala yenye jina "mpya" na kukurudishia 404. Njia ilipatikana; kilichokosekana ni makala. Nawe unaendelea kukagua mikwaju, mmoja baada ya mwingine, naye hajitetei.

Wapo waliomwasi, wakaandika APPEND_SLASH = False. Waliyemfukuza ni mtumishi. Bwana bado yumo kwenye ruwaza zao, na mgeni abishaye /makala sasa hana wa kumpokea.