Sekondi Apa ya Uhalifu Bila Kumuudhi Mwizi Mkubwa

Hongera, komredi. Uliomba sheria, alama zikakataa, ukapewa miaka minne ya kriminolojia. Kabla hujanunua hata daftari, watulize wa nyumbani. Shangazi aliyechangia karo anaamini unasomea upolisi, tena wa cheo. Mjomba mwenye matatu ameshaanza kukuita afande na anataka namba yako iwe karibu siku dereva wake akikamatwa. Usimsahihishe yeyote. Karo ya muhula wa pili haijalipwa.

Lengo lako ni Sekondi Apa. Katika vyuo vyetu vingi hiyo ni kuanzia alama 60 hadi 69. Ukifika 70 umeingia Ferst Klasi, ukishuka chini ya 50 unabaki na pasi, ambayo waajiri huipokea kama salamu za rambirambi. Ferst Klasi mwachie yule msichana wa kiti cha mbele anayeuliza swali wakati wenzake wameshafunga mabegi. Sekondi Apa humwendea yeyote aliyeelewa mapema kwamba katika somo hili alama ziko kwa mwizi asiye na wakili. Mwenye wakili mwache alale.

Mwaka wa kwanza utakutana na Cesare Lombroso, daktari wa Italia aliyechapisha kitabu chake kuhusu mhalifu mwaka 1876. Alipima mafuvu, taya na masikio, akatangaza kwamba kuna watu waliozaliwa wahalifu na kwamba sura zao zinawasema. Darasa zima litacheka. Cheka nalo, lakini umtazame vizuri, maana huyu ndiye mzee wa ukoo. Alikwenda kuwapima watu waliokuwa tayari gerezani, wengi wao maskini, akagundua kwamba wahalifu wanafanana na wafungwa maskini. Mifupa yake mwenyewe imehifadhiwa katika makumbusho yake huko Turin, na mbinu yake ya kutafuta sampuli utaikuta nzima katika tasnifu za mwaka wa nne.

Nadharia nyingine hutahitaji kuzisoma sana, hosteli itakufundisha. Mwaka 1979 Cohen na Felson walieleza kwamba uhalifu hutokea vinapokutana vitu vitatu: mtu mwenye nia, kitu cha kuvutia na kukosekana kwa mlinzi. Anika jinzi mpya kwenye kamba siku ya Ijumaa, kisha nenda ukaoge. Ukirudi utaweza kuieleza nadharia hiyo kwa mifano.

Mitihani inataka busara zaidi. Ndiyo, hata wanafunzi wa uhalifu huingia na mwakenya, kile kikaratasi cha majibu, na kwa nini wasiingie, wao ndio wataalamu. Kinachokutofautisha wewe na mwizi wa mtihani wa kilimo ni kwamba ukishikwa unajua jina la kila kisingizio. Sykes na Matza walivipanga mwaka 1957, vitano kwa jumla. Mbele ya kamati ya nidhamu anza na kukana wajibu: mhadhiri hakumaliza silabasi. Endelea na kukana madhara: kwani nani ameumia? Halafu mkane aliyeumia: chuo chenyewe ndicho hutudhulumu kila mwaka kwa karo. Kisha wageukie wanaokuhukumu na uulize, kwa adabu, nakala zao za mihadhara zilipigwa chapa mwaka gani. Malizia na utiifu mkubwa zaidi: karatasi haikuwa yangu, nilikuwa namfichia rafiki. Utafukuzwa hata hivyo, lakini kwa mpangilio wa kitaaluma.

Hatari yenyewe iko mwaka wa tatu, kwa mtu anayeitwa Edwin Sutherland. Ndiye aliyesimama mbele ya wanasosholojia wenzake wa Marekani huko Philadelphia, Desemba 1939, akawaambia kwamba nadharia zao zote zinatazama wezi wa vichochoroni huku mabwana wenye tai wakivunja sheria maofisini. Aliendelea kuchimba. Mwaka 1949 alitoa kitabu kuhusu makampuni 70 makubwa ya Marekani na rekodi zao za hukumu na maonyo, na kwa rekodi hizo mengi yangestahili kuitwa wahalifu sugu. Wanafunzi wenye moyo mwepesi huharibikiwa hapa. Huanza kuuliza kuhusu zabuni.

Wewe msome Sutherland mpaka mwisho wa habari yake. Mchapishaji aliogopa kushtakiwa, chuo chake nacho kikaogopa, naye akakubali kuyaondoa majina ya makampuni. Alikufa mwaka ule uliofuata. Kitabu chenye majina kilitoka mwaka 1983, miaka 34 baada ya kile cha kwanza. Kama baba wa somo zima alifuta majina, wewe wa muhula wa pili, mwenye deni la mkopo wa HELB, unajifanya shujaa wa nini?

Kwa hiyo ikifika zamu ya kuchagua mada, msimamizi wako akikuuliza, "Umefikiria nini?", usitaje Goldenberg. Hiyo ni habari ndefu ya serikali kulipa fidia ya mabilioni ya shilingi miaka ya tisini kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, na Kenya haikuwa na almasi za kuuza. Tume ya Jaji Bosire iliundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti 2006. Wahojiwa wako watakuwa na makatibu, na makatibu watakuambia bosi yuko mkutanoni hadi utakapostaafu.

Taja kuku. "Vichocheo vya Kijamii na Kiuchumi vya Wizi wa Kuku Miongoni mwa Vijana", kisha jina la kata yenu. Msimamizi atatabasamu kwa mara ya kwanza. Tena una nyama ya sheria ya kuweka katika sura ya pili: kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu, inayotumika tangu 1930, kinamtisha kwa miaka 14 aibaye farasi, punda, ngamia, ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe au mbuni. Mbuni yumo! Walowezi walikuwa na mambo yao. Kuku hayumo, kwa hiyo mwizi wake huangukia adhabu ya kawaida ya wizi, isiyozidi miaka mitatu. Ukurasa mzima umejaa na hujamkasirisha mtu.

Halafu nenda gerezani ukiwa na kibali cha utafiti, barua ya chuo na ruhusa ya wakuu wa magereza. Huko utahudumiwa vizuri. Wahojiwa hawana mkutano mahali popote. Wataletwa wamepangwa mstari, watajibu kila swali, na takriban wote watakuambia walisingiziwa, askari akiwa amesimama hatua mbili nyuma akisikiliza. Andika kwamba mazingira ya mahojiano yalikuwa huru. Ukikuta mahabusu aliyekaa miezi kwa kukosa dhamana, usimweke kwenye jedwali, anaharibu hesabu. Pendekezo la mwisho liwe elimu kwa vijana. Hakuna mtahini aliyewahi kuipinga.

Siku ya kuvaa joho, piga picha nyingi, kwa sababu kesho yake utatakiwa kupata cheti cha tabia njema. Idara ya upelelezi itachukua alama za vidole vyako vyote kumi ili ithibitishe kwamba wewe, mtaalamu wa wahalifu, si mmoja wao. Unaweza pia kujaribu uajiri wa makonstebo. Wanaanzia D+ ya kidato cha nne, watatazama meno na kukukimbiza uwanjani pamoja na vijana waliomaliza shule juzi. Mimi ningekushauri uanze kukimbia tangu mwaka wa pili.

Lakini ukibahatika, benki au kampuni ya bima itakuweka kitengo cha kuchunguza ulaghai. Kila faili la karani aliyekopa elfu tano kutoka kwenye droo liandikie kurasa ishirini, na mwanasosholojia Merton umtaje. Siku moja faili litaanza kupanda ngazi, litapita kwa meneja, litaelekea ghorofa ambayo lifti yake inafunguliwa kwa kadi. Liandikie "ushahidi hautoshi", tia sahihi, kisha uulize nafasi ya mkuu wa kitengo itatangazwa lini.