Msiiguse Skripti Yetu

Skripti yetu ya kupandisha mafaili kwenye seva isiguswe. Inatumia FTP ya mwaka 1985, na ya kale ni dhahabu. Nywila imeandikwa humo humo, wazi, kama bei ya nyanya gengeni, ili mgeni asipate taabu ya kuuliza. Wenye pupa walikimbilia SSH mwaka 1995 na rsync mwaka uliofuata, eti isafirishe kilichobadilika tu. Sisi hatubagui, kila usiku tunapandisha yote. Makosa? Tunayaelekeza /dev/null, na tangu hapo hatujaona hata moja. Cron huiamsha saa nane usiku, mtandao uwepo usiwepo, nayo huandika “Imefanikiwa”. Anayelalamika kwamba nakala za mwezi uliopita hazionekani ni mchochezi. Ripoti zote zinasema zipo.