Jinsi ya Kupandishwa Cheo Hadi Usiandike Tena

Hollywood wana desturi yao: mwandishi wa televisheni akiandika vizuri huongezewa mshahara, akizidi kuandika vizuri hukabidhiwa tamthilia nzima aiendeshe, na nafasi ya kuandika ikamwishia hapo hapo. Ikiwa nawe unautamani usimamizi mkuu wa tamthilia, fuata hatua hizi.

1. Anza kwa kuandika maneno ya wenzako. Omba kazi ya msaidizi katika chumba cha waandishi. Watu wazima watabishana kutwa kama mhusika afe sasa au asubiri msimu ujao, nawe utanakili kila neno, pamoja na mizaha isiyochekesha. Kipaji chako kitapimwa saa ya chakula: aliyesema hataki kitunguu, asikione kitunguu.

2. Kusanya vyeo. Ukishaajiriwa kama mwandishi wa ngazi ya chini utapanda kuwa mhariri wa hadithi, halafu mtayarishaji mwenza, mtayarishaji, mtayarishaji msimamizi. Usiulize unatayarisha nini. Kazi ni ile ile ya kukaa mezani na kutoa mawazo. Kinachobadilika ni mshahara, na ujasiri wa kuyakataa mawazo ya wengine.

3. Andika skripti yako, kisha uzeeke nayo. Matthew Weiner aliandika skripti ya kwanza ya *Mad Men* karibu na mwaka 2000, akiwa analipwa kuandikia vichekesho vya *Becker*. Ilimfikia David Chase, mwenye *The Sopranos*, naye akampa kazi. HBO, waliokuwa wakiirusha *The Sopranos*, hawakuitaka *Mad Men*. AMC ndio walioirusha, mwaka 2007. Vince Gilligan, aliyekomaa kwenye *The X-Files*, naye alizungusha *Breaking Bad* milango kadhaa kabla ya AMC hao hao kumfungulia. Kwa hiyo ukikataliwa usilie. Huenda bado hujakataliwa vya kutosha. Wala usimwige Shonda Rhimes, aliyetoka kwenye filamu na mwaka 2005 akaibuka na *Grey's Anatomy* bila kupitia hatua ya kwanza wala ya pili. Watu wa aina hiyo hutuharibia miongozo.

4. Pokea ufalme. Saa tatu asubuhi unachagua wigi. Saa nne mtu wa bajeti anataka mvua iondolewe kwenye mazishi, maana mvua ya bandia ni ghali. Saa tano mabosi wa chaneli wanapiga simu: skripti wameipenda mno, ila wanauliza kama mjane hawezi kuchangamka kidogo. Mchana mzima uko kwa mhariri wa picha, mnatafuta dakika nne za kukata. Usiku unafungua skripti ya kijana wako wa chumba cha waandishi na kuiandika upya mpaka alfajiri. Itakaporushwa, jina litakuwa lake. Hata cheo chako chenyewe hakitokei kwenye skrini. Utaandikwa mtayarishaji mtendaji, kwenye foleni moja na watu ambao hawajawahi kukanyaga chumba cha waandishi.

5. Jifunze kujigomea. Chama cha waandishi, WGA, kiligoma siku 100 kati ya Novemba 2007 na Februari 2008. Msimu wa kwanza wa *Breaking Bad* ukakatikia sehemu ya saba. Mwaka 2023 kikagoma tena, siku 148. Wenzako wakigoma wanajua adui yuko upande gani wa geti. Wewe ni mwanachama na ni bosi: umeshika bango, na huku studio inakukumbusha kwa barua kwamba mkataba wako una kazi nyingine zisizo za kuandika. Beba bango. Mgomo wa 2023 ulileta, pamoja na mengine, idadi ya chini ya waandishi katika chumba, na bila wao ungebaki kuandika mwenyewe, jambo ambalo mwongozo huu unakusudia kukuepusha nalo.

6. Lea mrithi, kisha utoroke. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, kwa sababu wivu hauiruhusu. Peter Gould alikuwa mmoja wa waandishi katika chumba cha *Breaking Bad*. Gilligan akaanzisha naye *Better Call Saul*, na baadaye Gould akabaki akiiendesha mwenyewe. Msimamizi aliyefundisha watu wake anaweza siku moja kufunga mlango na kuandika. Aliyewabana atakufa na funguo za ofisi mkononi, akichagua wigi.

Basi, kama lengo lako ni kuandika, baki kwenye hatua ya tatu kadiri utakavyoweza. Na kama umeusoma mwongozo huu hadi mwisho ilhali una skripti ya kumalizia, usiwe na wasiwasi: usimamizi tayari unao.