Mfupa Wangu Una Wenyewe

Ukivunjika mkono hapa Nansio, mkono huo si wako tena. Mimi nilianguka na baiskeli, mfupa ukakatika karibu na kifundo cha mkono wa kulia. Hospitali wakapiga picha, wakanyoosha, wakafunga hogo, wakasema wiki sita. Habari ingeishia hapo, kama ningekuwa naishi peke yangu porini.

Lakini nyumba yangu iko njiani kwenda gatini, na kila anayepita ana dawa. Anaingia, anasema pole, anagongagonga hogo kwa kucha kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, anakunywa chai, kisha anatoa tiba. Kunywa supu ya kongoro. Kula dagaa na vichwa vyake. Usilalie ubavu wa kushoto. Supu nimekunywa mpaka midomo ikawa inagandana. Dagaa sina ugomvi nao, wana madini ya mifupa kweli, na hata nikiwa mzima nawala kwa ugali wa muhogo. Ila hakuna hata mgeni mmoja aliyenishauri juu ya kitu nilichokuwa nakihitaji, yaani namna ya kujikuna ndani ya hogo. Hilo nililivumbua mwenyewe, kwa spoku ya ile ile baiskeli iliyonitupa.

Mama mkwe alipofika kutoka Bukindo hakutoa ushauri wowote, nikadhani nimepata mtu mwenye akili. Asubuhi moja, nyuma ya jiko, nikamkuta kuku wetu mwekundu ana vijiti vya matete mguuni, vimezungushiwa kamba ya katani, anachechemea na kunitazama kwa jicho moja. Watu wazima wote wakawa na kazi za haraka mahali pengine. Mtoto ndiye aliyesema: bibi ameleta fundi wa mifupa, kuku amevunjwa mguu kwa niaba yangu, anapakwa dawa yeye, na akipona yeye nami nimepona. Mgonjwa mwenyewe sikuhitajika.

Nilinyamaza. Vijiti hivyo vikikazwa mno damu haipiti, na wapo waliokatwa mikono kwa sababu hiyo. Bora kuku.

Shida ni kwamba mifupa ya ndege huunga upesi kuliko ya binadamu. Wiki tatu hivi kuku akawa anaparua jalala kwa miguu yote miwili, na mama mkwe akaingia sebuleni na kisu cha jikoni.

"Baba, mwenzio amepona. Hilo libandiko linangoja nini?"

Tulipatana kisu kirudi jikoni. Ndipo kikaja kichupa cha shemeji.

Shemeji anakaa Moshi, na huko amekutana na homeopathi. Kichupa kilisafirishwa kwa basi mpaka Mwanza, kikapandishwa meli, kikanifikia kikiwa na karatasi ya masharti: punje moja chini ya ulimi, kahawa marufuku, dawa ya meno yenye mnanaa marufuku, na punje zisiguswe kwa mkono. Mtu mwenye mkono mmoja afungue kichupa, amimine punje kwenye kifuniko, airushe kinywani bila kuigusa! Nusu ya dozi waliila sisimizi, na sijaona sisimizi aliyevunjika tangu hapo.

Alinipigia simu kunielimisha. Si uchawi, shemeji, wala si mitishamba ya bibi. Ni elimu ya daktari wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, aliyeianzisha mwaka 1796, na hapa kwetu tiba mbadala ina sheria tangu 2002 na baraza lake. Ndani ya punje kuna simfitamu, mmea ambao Wazungu wa zamani waliubandika kwenye mifupa iliyovunjika. Nikauliza upo kiasi gani. Akasema 30C, kwa fahari, kana kwamba ni nyingi.

Nina muda siku hizi, nikapiga hesabu. Unachukua tone moja la dawa, unalitia kwenye matone 99 ya maji, unatikisa. Hiyo ni hatua ya kwanza. Unachukua tone la mchanganyiko huo, unalitia kwenye 99 mengine, na kuendelea hivyo mara 30. Sasa ziwa letu hili lina maji yapata kilomita za ujazo 2,750. Tone moja likidondoshwa gatini hapa, likakorogwa likaenea mpaka Kisumu na Entebbe, halijafika hata hatua ya kumi. Kwa kipimo cha shemeji, ziwa zima lingekuwa dawa kali ya kuua mtu, nasi tunaoga humo.

"Ndiyo maana haina madhara," akanijibu. Hapo sikuwa na la kubisha.

Daktari kijana aliyenihudumia alishanieleza kazi inavyokwenda. Damu huganda palipovunjika, mwili unajenga gegedu laini juu yake, madini yanaingia, gegedu linageuka mfupa. Hogo halitibu kitu, linazuia tu mkono usichezecheze. Mfupa ukikaa sawa, utaunga, uwe umempa kuku pole au hukumpa. Kinachoniudhi ni kwamba wiki sita ni muda wa kutosha kwa kila mwenye dawa kujiandikisha. Wahusika wa riwaya ya mzee wetu Aniceti Kitereza, Myombekere na Bugonoka, walihangaika na dawa kurasa nyingi, lakini walau kwao Kibuguma alikuwa mganga na wengine walikuwa majirani. Kwangu majirani wote ni Kibuguma.

Hogo limekatwa wiki iliyopita. Mkono umetoka mwembamba, una magamba, na harufu yake nisiieleze. Picha inaonyesha umeunga vizuri. Mama mkwe ameinyanyua dirishani, ameitazama juu chini, akasema fundi alipwe. Muuza kongoro ananiita mtu wake mbele ya wateja. Shemeji hakushangaa hata kidogo. Amesema mkono kuwa mwembamba ni jambo la kawaida, kichupa cha misuli kiko njiani, na safari hii ametanguliza namba ya kulipia kwa simu.