Mkurugenzi Punda

Fisi alipopata zabuni ya kujenga ghala la kijiji, alimwita Punda akamkabidhi karatasi mbili na mhuri. Karatasi zilisema Punda ni mkandarasi mdogo, anajitegemea, hana mwajiri. Mhuri uliandikwa MKURUGENZI. Punda akaugonga kwenye kila alichokuwa nacho, hata pajani.

Kazi yenyewe ilikuwa kubeba mchanga kutoka mtoni. Mkurugenzi alitakiwa kuripoti saa kumi na mbili asubuhi, akichelewa anakatwa. Matandiko ya Fisi, magunia ya Fisi, na njia ya kupita alielekezwa na nyapara wa Fisi. Twiga alipomwomba Punda ambebee kuni jioni moja, Fisi alisema, "Thubutu, uone kama kesho utaingia hapa." Likizo haikuwapo, maana mkurugenzi hujipa mwenyewe.

Mwezi wa nne daraja la miti likakatika, Punda akavunjika mguu. Fisi akatuma pole, pamoja na barua ya kuvunja mkataba. Kuhusu gharama za matibabu, barua ilimshauri Punda amwone mwajiri wake, yaani Punda.

Shauri likafika kwa Mzee Kobe. Sungura, wakili wa Fisi, akatandaza karatasi mezani. "Mzee, kwato lake hili hapa. Aliridhia mwenyewe. Na mhuri anao!"

Kobe akazisogeza karatasi pembeni bila kuzisoma, akauliza maswali saba. Hakuyatunga yeye. Yamo katika kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania Bara, Na. 7 ya 2004, ambacho hakijali mkataba umepewa umbo gani. Nani anaelekeza kazi ifanyweje? Nani anapanga saa? Mfanyaji ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi? Katika miezi mitatu iliyopita amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi?

"Arubaini na tano?" Punda akashtuka. "Hizo namaliza kabla ya Ijumaa."

Riziki yake inamtegemea nani? Vifaa vya nani? Ana mwingine anayemfanyia kazi? Jibu moja tu likiangukia upande wake, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka anayebisha athibitishe vinginevyo. Punda alipata yote saba.

"Basi na Mnana aliyesuka paa ni mwajiriwa!" Sungura akabisha.

"Mnana alitaja bei yake," Kobe akajibu. "Alikuja na mdomo wake. Siku ya kwanza alilala, akasuka usiku, hakuna aliyemuuliza. Ana mapaa mengine ng'ambo ya mto, na hili likivuja atalirudia kwa gharama yake. Huyo ndiye mkandarasi. Huyu wako ana mhuri tu."

Kobe alipoinama kuandika uamuzi, Sungura alikuwa akikunja vidole chini ya meza. Ofisi yake ni chumba cha nyuma kwa Fisi. Kalamu ya Fisi. Kufika saa mbili kamili, kuondoka akiruhusiwa. Mteja mwingine hajapata kumwona tangu amalize masomo. Alipofika kidole cha nne akaacha kuhesabu.

Fisi akatoka akibamiza mlango. Sungura hakumfuata.

"Shikamoo tena, Mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Karani wa kupokea mashauri mapya bado yupo?"