Sifa za Kufuli Letu

Ukipanda kutoka Muheza, ukapita Sigi na kuzimaliza zile kona ambazo wageni huzipita wamefumba macho, utafika kwetu Amani. Watalii hukimbilia msituni kutafuta vinyonga. Wewe mwenye akili njoo kibarazani pa ofisi ya kijiji chetu, uone ubao wa matangazo. Una fremu ya mbao, una kioo, na penye kioo pana kufuli. Si kubwa, kiganja cha mtoto wa darasa la pili kinalifunika. Lakini katika vita dhidi ya watu wanaotaka kujua, sijaona askari hodari kulishinda.

Watu hulisema vibaya. Eti linaudhi, eti karatasi ya umma haifungiwi. Hawajakaa wakalitafakari. Kufuli halidai posho ya kujikimu. Haliendi likizo, halihamishwi, halina simu ya kuzimwa. Wenyeviti watatu wamepita, watendaji sijui wangapi, lenyewe lipo palepale, linaota kutu ya kijani kama mzee anavyoota mvi. Mwaka 2011 nchi ilijiunga na ule mpango wa kimataifa wa kuendesha serikali kwa uwazi, OGP. Mwaka 2017 ikajitoa. Mara zote mbili kufuli halikutikisika.

Ndani ya kioo kuna taarifa ya mapato na matumizi ya matundu 6 ya vyoo vya shule. Ilibandikwa kabla ya masika. Sasa, Kiswahili ni lugha yenye busara: ukungu unaoshuka mlimani na ukungu unaoota kwenye mkate ni neno moja. Amani tunao wote wawili, na wote wawili wanaingia humo bila ufunguo. Wameila karatasi taratibu kuanzia katikati, hadi mstari wa saruji unasomeka hivi: mifuko 1, halafu doa la kijivu, halafu 0. Yaani kila mwananchi amepewa uhuru wa kujaza tarakimu aipendayo. Fundi anasoma 110. Muuza saruji anasoma 190. Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Isidhaniwe kwamba kuhesabu kunatushinda. Wajerumani walipofungua taasisi yao ya utafiti hapa mwaka 1902, walikuja na daftari. Mti ukipandwa, unaandikwa. Jani likikaushwa, linabandikwa kwenye karatasi yake pamoja na jina, mahali lilipochumwa na aliyelichuma. Mkusanyo ule baadaye ukahamishiwa Nairobi. Waingereza wakaja wakapima mvua. Watafiti wa malaria wakahesabu mbu, mmoja mmoja, jike kando na dume kando. Mbu wa Amani ana kumbukumbu nzuri kuliko mfuko wa saruji wa Amani, na sioni ubaya: mbu hana kamati ya kumtetea.

Hata ua letu maarufu, lile la zambarau lililofikisha jina la Usambara kwenye madirisha ya Ulaya, hupenda kivuli. Likipigwa na jua kali majani huungua. Kamati ya manunuzi nayo ni mmea wa asili wa huku.

Ujenzi wetu huenda kwa fosi akaunti. Fedha hushuka, kijiji huunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, fundi ni wa hapahapa, na bei hushindanishwa kwa profoma za maduka matatu. Niliwahi kuziona hizo profoma kabla hazijaingia kwenye faili. Maduka yalikuwa matatu kweli: mihuri mitatu, vichwa vya barua vitatu, moja lina picha ya nyundo. Mwandiko ulikuwa mmoja. Na wote watatu, kwa kalamu ileile ya bluu iliyokuwa ikikatika wino, walikuwa wameandika “misumali ya kechi.” Tunaambiwa wafanyabiashara hawapatani. Umoja wa namna ile hata ndugu wa tumbo moja hawanao.

Wako wanaotaka kuuvunja. Tangu Oktoba 2023 taasisi za umma zimetakiwa kununua kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya ununuzi wa umma, PPRA, uliochukua nafasi ya TANePS, na humo zabuni huonekana, mshindi huonekana, bei yake huonekana. Nilipata hofu kidogo. Nikaliwazwa na mtandao wenyewe, ambao huku kwetu hushika juu ya jiwe moja nyuma ya shule, na lazima uelekee Tanga. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, CAG, nayo humfikia Rais mwisho wa Machi, Aprili inatua bungeni, kurasa kwa mamia, ununuzi umechambuliwa humo mpaka risiti. Aprili tunashangaa sana. Mei tunalima.

Hasara ya makaratasi kusomwa inajulikana. Kamati ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilikaa ikasoma yale ya mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Waganda ndio walioharibu zaidi. Kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 za ruzuku ambazo serikali yao kuu ilitoa kwa shule za msingi, wastani wa shilingi 13 ndizo zilizofika shuleni. Mambo yametulia, kila mtu na chake. Wakaja watafiti, wakaweka vitabu vya serikali sambamba na vitabu vya shule. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa wilayani, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kilichowafikia. Kufikia 2001 zilikuwa zikifika zaidi ya 80. Hakuna aliyeandika utafiti juu ya familia zilizokuwa zikiishi kwa zile 87.

Ukilichunguza jambo hili, tarakimu ikiwa peke yake haina madhara. Iache kwenye kioo, itazeeka. Balaa huanza inapokutana na tarakimu mwenzake.

Nasi balaa letu limeanza, na limeanzia kwenye iliki. Kuna bibi mmoja hapa kijijini anaanika iliki, na mkeka wake ulioza. Wakati vyoo vinajengwa alikubaliana na mafundi wamuuzie mifuko mitupu ya saruji, yote, asibakishiwe mtu. Alikuwa akiifuata kila jioni, anaikung’uta vumbi, anaikunja, anaifunga kwa kamba ya mgomba kumi kumi. Mafungu saba na mifuko minne. Bibi hakusoma uhasibu. Alikuwa anatafuta pa kuanikia. Lakini hata ukijaza doa lile tarakimu ndogo kuliko zote, ukaweka sifuri, karatasi inasema 100.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji alinyoosha mkono, akauliza mifuko mingine wamemuuzia nani, maana makubaliano yalikuwa yote. Alikuwa amekasirika kweli, alidhani ameibiwa yeye.

Mwenyekiti alisimama, akamshukuru kwa swali zuri sana, akasema litajibiwa kwa maandishi na jibu litabandikwa.

Na limebandikwa, tusimwonee mtu. Ukiinama upande wa kushoto utaiona kona ya karatasi mpya, nyuma ya tangazo la chanjo ya kichaa cha mbwa. Juzi bibi alikuja na miwani yake, akamkuta mtendaji mlangoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Ufunguo?”

“Uko Muheza, bibi. Upo kwenye begi la mwenzangu, ameenda semina.”

“Semina ya nini?”

“Utawala bora.”

“Anarudi lini?”

“Karibuni tu.”

Bibi akatazama kufuli, akatazama mawingu. Akafungua kanga, akatoa mfuko mtupu wa saruji, akautandika kibarazani chini ya ubao, akaketi, akaanza kuchambua iliki.