Jinsi ya Kujuana na Sifongo Mwenye Kope

Tuanze na sarufi. Ile ya kuogea ni "sifongo hii", hakuna ubaya. Lakini akiwa hai baharini ni "sifongo huyu", maana ni mnyama, japo hana kichwa, tumbo wala neva. Ukikosea ngeli hapo mwanzo, utakosea na zote zinazofuata.

Tunayekwenda kumbishia hodi anaitwa Sycon ciliatum, mkazi wa Atlantiki ya Kaskazini. Mmisionari Otto Fabricius alimweleza mwaka 1780 katika kitabu chake cha wanyama wa Greenland. Sycon ni tini kwa Kigiriki. Ciliatum ni Kilatini, mwenye kope. Subiri bamvua, maji yakipwa piga magoti, ufunue mwani na kuinua mawe taratibu. Utamkuta: chupa ndogo ya sentimita chache, ngozi ina manyoya, na juu mdomo uliozungukwa na kope nyeupe, ngumu.

Usidhani anakula kwa mdomo huo. Maji huingia kwa vitundu vya ubavuni, hupita katika vyumba vilivyotandazwa seli za kola, kila moja ikipiga mjeledi wake mmoja na kunasa bakteria, kisha ndipo hutokea juu.

Sasa mifupa. Sifongo wa kuogea wanaolimwa na akina mama wa Jambiani, Zanzibar, wana nyuzi laini. Huyu ana spikula, vijiti vya kalsiamu kaboneti, vingine vimenyooka, vingine vina ncha tatu au nne. Kata kipande kidogo kuliko ukucha, kiweke chini ya hadubini, udondoshee siki. Mapovu yakifoka na vijiti vikayeyuka, huyo ni wa chokaa. Vya silika visingetikisika. Kwa sababu hiyohiyo usimhifadhi kwenye fomalini iliyogeuka asidi: utabaki na nyama isiyo na mifupa, na bila mifupa hakuna wa kumtambua. Tumia spiriti.

Kumpanga ndiko kunakotaka subira. Mwaka 1872 Ernst Haeckel aliwagawa sifongo wa chokaa kwa mifereji yao: bomba tupu, bomba lenye vyumba pembeni, au vyumba vingi vilivyosongamana. Mpango mzuri kwa macho, ila maumbo hayo yamejitokeza mara nyingi katika koo tofauti, kwa hiyo hayathibitishi undugu. Leo ngeli ya Calcarea, yaani ya sifongo hao wa chokaa, ina matawi mawili, na siri imo ndani ya seli ya kola. Kiini kikikaa chini, ni Calcinea. Kikikaa juu, shinani mwa mjeledi, ni Calcaronea, na huko ndiko aliko rafiki yetu.

Ukimaliza, lirudishe jiwe kama ulivyolikuta, upande wake uleule. Sifongo huyu akishashika jiwe, hahami tena.